Je, Kumhifadhi Mwanamwali Aliyechukua Mimba ni Kuiridhia Dhambi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji akamsitiri katika tumbo la mamaye. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema hatta siku ya malipo.

Ama ba'ad. Liko suali moja ambalo huulizwa barazani na misikitini katika miji yote ya pwani, na watu hulijibu upesi kwa sababu lina uchungu, na jawabu la upesi mara nyingi huwa ni la ghadhabu, si la ilimu. Nalo ni hili: mwanamwali asiyeolewa akichukua mimba, na jambo limekwisha kuwa, je, yawapasa watu wake wamweke nyumbani, wamlishe, wampeleke kwa waganga na kumrejesha chuoni, au yawapasa wamtoe, ili iwe ibra kwa wenziwe? Na yule mwenye kumhifadhi, je, huwa ameiridhia dhambi?

Mtu asidhani kwamba suali hili ni la kubuni. Katika bara ya Tanzania, upande wa kusini wa ziwa la Nyanza, iko mikoa miwili ambayo watu wa pwani waijua sana kwa biashara: Shinyanga, nchi ya Wasukuma na ng'ombe na almasi ya Mwadui, na Geita, nchi ya dhahabu, iliyofanywa mkoa wa peke yake mwaka 2012. Katika hesabu ya afya iliyofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016, wasichana wa miaka 15 hatta 19 waliokwisha zaa au waliokuwa na mimba walikuwa 27 katika kila 100. Na katika Shinyanga walikuwa 34 katika kila 100. Hesabu iliyofuata, ya mwaka 2022, ilionyesha kuwa kwa nchi nzima wamepungua wakawa 22 katika kila 100. Kupungua ni neema ya kushukuriwa, lakini ishirini na mbili katika mia si watu wachache. Ni kana kwamba katika kila madarasa yenye wanawali watano, mmoja amekwisha kuwa mama, naye bado ni mtoto wa watu.

Na sababu zake zaonekana na kila apitaye njia ile. Palipo na machimbo ya dhahabu, kama Nyarugusu na Rwamagasa na Mgusu, hukusanyika wanaume wengi walioacha wake zao mbali, wana fedha leo na kesho hawana. Huko kuna madawa ya kujifukiza na pombe, na kuna duara za kuchimbia na karasha za kusagia mawe, na kuna wasichana wadogo waliokuja kuuza chakula na maji, au kuponda mawe ili wapate kibaba cha unga. Watafiti waliokwenda katika machimbo ya Geita na Shinyanga wakatangaza habari yao mwaka 2013 waliandika kuwa watoto hufanya kazi humo, na kwamba wasichana hutakwa kwa ubaya na wanaume. Na palipo vijijini, shule ya sekondari huwa mbali. Binti huamka usiku akaenda kwa miguu, au hupangishwa chumba karibu na shule akakaa peke yake pasipo mzee wa kumwangalia. Mwenye pikipiki humwambia, Panda, nitakufikisha. Siku ya kwanza hamtozi kitu, wala ya pili. Ya tatu humdai. Tena ziko nyumba ambazo baba hutazama binti yake kwa hesabu ya ng'ombe watakaoletwa, basi huona miaka ya chuoni kuwa ni hasara.

Mwenye kuyasoma haya pwani asijitoe akasema, Hayo ni ya watu wa bara. Katika wale wanunuzi wa dhahabu, na madereva, na wenye maduka ya Kahama na Geita, wamo wana wa Tanga na wa Unguja na wa Lamu. Na mlango wa nyumba ya pwani nao haukufungwa kwa kufuli ya chuma.

Sasa na yasikizwe maneno ya pande mbili.

Wako wasemao kwamba afukuzwe. Nao si watu waovu, bali ni watu wenye ghera. Husema: zinaa ni katika madhambi makubwa, na heshima ya nyumba ikivunjika haiungiki, na binti akipokewa kwa upole, wadogo zake wataona kuwa jambo lile ni jepesi. Husema tena: mwenye kumlisha mwenye dhambi amemsaidia katika dhambi yake, na Qur-ani imekataza watu kusaidiana katika dhambi na uadui.

Hoja hii ina nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo impotezayo mtu. Kweli zinaa ni haramu, wala hapana mwanachuoni asemaye ghairi ya hayo. Kweli tena kwamba haijuzu kusaidia dhambi. Lakini na itazamwe: dhambi ilikuwa ni tendo, nalo limekwisha pita. Mimba si tendo la dhambi. Mimba ni kiumbe. Mwenye kumpa mwenye mimba uji na paa la nyumba hasaidii lililokwisha pita, bali asaidia uhai uliopo. Mtu akianguka kisimani kwa ulevi, mwenye kumtupia kamba hakunywa naye pombe.

Kisha, kabla ya kuhukumu, yapasa kuuliza: je, huyu binti ana dhambi? Maana suali hili wengi hulipita. Ikiwa alishikwa kwa nguvu, au alitishwa, basi hana dhambi kwa ittifaki ya wanavyuoni, na kumwadhibu ni dhuluma juu ya dhuluma. Ikiwa hajabaleghe, kalamu haijaanza kumwandikia. Ikiwa ni mwanamwali wa miaka kumi na mitano aliyehadaiwa na mtu mzima mwenye fedha, basi hatta kama yuko katika hukumu ya mukallaf, dhambi yake na ya yule si sawa; na watu humpiga aliyehadaiwa wakamwamkia aliyehadaa. Na ikiwa kweli aliridhia naye ajua, basi mlango wa toba u wazi, wala hapana mtu aliyepewa ufunguo wa kuufunga.

Ama dalili iliyo wazi kabisa ni ile iliyopokewa na Imam Muslim kwa Imran bin Huswain, radhi za Mungu ziwe juu yake. Mwanamke wa kabila ya Juhaina alimjia Mtume, rehema na amani zimshukie, naye ana mimba ya zinaa, akaungama mwenyewe na kutaka asimamishiwe hadd. Mtume hakumfukuza, wala hakumwacha njiani. Alimwita walii wake, akamwamrisha amtendee wema, na atakapojifungua ndipo amlete. Na katika hadithi ya mwanamke wa Ghamid, alingojewa hatta akazaa, na akangojewa hatta mtoto akaacha kunyonya na kushika mkate mkononi. Na Khalid bin al-Walid alipomtukana mwanamke huyo, Mtume alimkataza, akaeleza ukubwa wa toba yake.

Na izingatiwe habari hii. Wale walikuwa wanawake wazima, waliokiri kwa ndimi zao mbele ya kiongozi mwenye haki ya kuhukumu, na mwisho wao ulikuwa ni ile adhabu ijulikanayo. Pamoja na hayo yote, katika muda wa mimba na wa kunyonyesha walipewa hifadhi. Basi vipi mzee wa mtaa, asiye kadhi wala sultani, wala hakuletewa mashahidi wanne, amtoe usiku mtoto wa miaka kumi na sita? Na mwenye kutendewa wema alikuwa nani, na mwenye kuamrishwa alikuwa nani? Aliyeamrishwa ni walii. Yaani mtu yule yule ambaye leo husema, Huyu si mwanangu tena.

Dalili ya pili ni mtoto. Qur-ani yafunza katika sura nyingi kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Mtoto aliye tumboni hakuchagua mlango wa kuingilia duniani. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, huyu hunasibishwa kwa mamaye, humrithi mamaye na mamaye humrithi, wala hana upungufu wa dini kwa kosa la waliomzaa. Basi mamaye akitolewa nje akalala njaa, ni nani aliyeadhibiwa? Wameadhibiwa wawili, na mmoja wao hana kosa kwa yakini.

Na waganga wa leo wameeleza jambo ambalo kila baba yapasa alijue. Mwili wa msichana ambaye hajakamilika ni mwembamba kwa kazi ya kuzaa. Uchungu ukikaa siku mbili tatu pasipo msaada, hutoboka ndani, akawa mkojo wamtoka pasipo kuuzuia. Ndiyo maradhi yaitwayo fistula, ambayo hutibiwa katika hospitali kubwa kama Bugando iliyoko Mwanza. Na katika dunia nzima, taabu za mimba na za kuzaa ni katika sababu kubwa za mauti ya wasichana wa miaka 15 hatta 19. Mwenye kufichwa chumbani kwa aibu, au kufukuzwa akaenda kuomba kwa watu, ndiye asiyefika kliniki. Na mwenye kuogopa ghadhabu ya babaye ndiye aendaye kunywa madawa ya miti ili aitoe mimba, akaitoa na roho yake.

Na mwenye kusoma Suratu Maryam na akumbuke. Bibi Maryam alikuwa ametakasika, hana dhambi hatta chembe, wala hafananishwi na yeyote katika habari hii. Lakini Mwenyezi Mungu ameuonyesha uchungu wake: namna alivyojitenga mahali pa mbali, uchungu wa uzazi ukampeleka penye shina la mtende, akatamani lau angalikufa kabla ya hayo, kwa kuyajua maneno ya watu. Na kitu cha kwanza alicholetewa ni kuambiwa asihuzunike, kisha maji, kisha tende mbivu. Maneno ya watu yalikuja baadaye, na hayo Mwenyezi Mungu aliyajibu mwenyewe. Basi katika hili lina funzo kwa wenye nyumba: penye mwanamke mwenye uchungu, maji na chakula hutangulia maneno.

Mtu atasema: Lakini upole huu utaongeza uovu. Jawabu: ukali juu ya wasichana ulijaribiwa. Unguja, sharia ya mwaka 1985 ilimpeleka gerezani mwanamwali aliyechukua mimba pasipo ndoa, hatta ilipobadilishwa mwaka 2005, kifungo kikaondolewa na mahali pake pakawekwa kazi ya kuitumikia jamii. Bara, mwezi wa Juni 2017, Rais wa wakati ule, John Magufuli, alitangaza kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi katika shule za serikali. Na mwezi wa Novemba 2021 serikali ikageuza shauri, ikatoa ruhusa warudi, na mlango huo ndio ulio wazi sasa. Katika muda ule wa ukali, aliyefungiwa mlango alikuwa ni mmoja tu katika wawili. Yule wa pili alipanda pikipiki yake akaenda kijiji kingine. Adhabu imwangukiayo dhaifu na kumruka mwenye nguvu haifunzi watu kuogopa dhambi. Yawafunza kuwa na nguvu.

Hapa pana jambo la pili ambalo laharibu mambo mengi, nalo ni watu kuchanganya sitiri na kuficha. Sitiri ni sunna. Kumsitiri Muislamu aliyeteleza akajuta ni katika mambo makubwa ya thawabu. Lakini Imam Nawawi ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba sitiri hiyo ni kwa mtu asiyejulikana kwa udhia na ufisadi. Ama ajulikanaye kwa hayo, ni vyema asisitiriwe, bali mambo yake yapelekwe kwa mwenye mamlaka, maana kumsitiri ni kumpa nguvu ya kuwaudhi wengine. Basi binti husitiriwa, na mwenye kumwinda hafichwi.

Lakini katika Shinyanga na Geita, kama katika pwani, hutendeka kinyume chake. Binti hutangazwa mtaa mzima, na mume yule hufichwa. Wazee hukaa chini ya mti, wakakubaliana ng'ombe kadha au fedha kadha, wakasema, Yamekwisha nyumbani. Siku ya kesi binti hukatazwa kusema, ushahidi hukosekana, na mtu yule hutoka akicheka. Na wenye kufanya hivi hudhani kuwa ni sulhu, na sulhu ni kheri.

Na wasikie hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alikuwa na mwanawe aliyeajiriwa, akazini na mke wa mwajiri wake. Baba akaambiwa kuwa mwanawe ataadhibiwa, akatoa kondoo 100 na mjakazi ili amkomboe. Walipofika mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamuru mali ile irudishwe yote, na hukumu ipite kwa haki. Kondoo mia hawakununua hukumu katika Madina. Basi vipi ng'ombe watano wainunue katika Shinyanga? Na Qur-ani imewaamrisha waumini wasimame na uadilifu hatta kama ni juu ya nafsi zao na wazazi wao, na imesema kuwa mwenye kuficha ushahidi moyo wake una dhambi.

Na sharia ya nchi katika jambo hili haigongani na haki. Tangu mwaka 1998 Tanzania Bara imeweka kwamba mtu mume akimwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mkewe, amebaka, hatta kama yule aliridhia. Na tangu mwaka 2016 mwenye kumpa mimba mwanafunzi, au kumwoa, kifungo chake ni miaka 30.

Liko na jambo la tatu: kumwoza upesi ili aibu ifunikwe. Hapa wengine hutaja haki ya walii mujbir katika madhehebu ya Shafi'i. Lakini wenye kuitaja wasome hatta mwisho wa ukurasa. Haki hiyo ina masharti: pasiwe na uadui baina ya baba na binti, na mume awe kufu yake, na awe na uwezo wa mahari. Tena Imam Shafi'i na masahibu zake wamesema, kama alivyopokea Nawawi, kwamba ni mustahabbu baba asimwoze bikira hatta abaleghe na amtake idhini. Basi ni uwalii gani huu wa kumtoa binti kwa yule aliyemdhulumu, ili baba apate kutembea sokoni na kichwa juu? Walii amewekwa kwa maslaha ya anayesimamiwa, si kwa maslaha ya kilemba chake. Na mahakama kuu ya Tanzania mwaka 2016, katika kesi aliyoileta Rebeca Gyumi, ilisema kwamba vifungu vya sharia ya ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti aolewe wa miaka 15, na 14 kwa idhini ya mahakama, havipatani na katiba. Na mahakama ya rufani ikalithibitisha hilo mwaka 2019.

Basi ikiwa haya yamefahamika, limebaki la kutenda. Maana ilimu isiyotendwa ni kama taa iliyofunikwa kwa kapu.

La kwanza ni nyumbani. Baba au mjomba akipata habari, na azuie mkono na ulimi wake siku hiyo, kisha amwulize binti kwa upole, na mama awepo. Ajue aliyefanya ni nani, na kama palikuwa na nguvu au vitisho. Kisha ampeleke zahanati mapema, asingoje tumbo lionekane. La pili, penye dhuluma, aende polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, achukue fomu ya PF3. Na amwone afisa wa ustawi wa jamii katika halmashauri. Kwa asiye na mtu, iko simu ya mtoto, namba 116, ambayo mtoto mwenyewe aweza kuipiga bure. La tatu ni masomo. Mwenye kuzaa aweza kurudi shuleni kwake. Na asiyeweza, viko vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama kile cha Buhangija katika Shinyanga, na mafunzo ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Katika Shinyanga kuna jumuiya ya Agape iliyofungua shule na makazi kwa wasichana waliookolewa katika ndoa za utotoni na waliopata mimba. Na katika Geita kuna NELICO ishughulikayo na watoto walioko katika taabu za machimbo. La nne, mtoto akizaliwa, sharia ya mtoto ya mwaka 2009 yampa mama njia ya kumdai aliyemzalisha matunzo mbele ya mahakama.

Na msikiti nao uko wapi? Hili ndilo la kujiuliza. Wengine wamejenga makazi, na Waislamu wamejenga hukumu.

Wala haisemwi kuwa fedha hakuna. Katika madhehebu ya Shafi'i, dhahabu ichimbwayo katika maadini ina zaka yake: ikifika nisabu, nayo ni mithqali 20, kiasi cha gramu 85, mchimbaji hutoa robo ya ushuri, yaani sehemu moja katika arubaini, na hutoa pale pale apatapo, pasipo kungoja mwaka upite. Tena kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba zaka haihamishwi kutoka mji wake maadamu wamo wenye kuistahiki. Basi Muislamu wa pwani mwenye duara Geita, ambaye hupeleka zaka yake kwao Tanga au Pemba, na akumbuke kuwa mafakiri wa Geita wanamdai. Binti wa Kiislamu aliyetolewa na watu wake, hana chakula wala mtu, huyo ni fakiri asiye na shaka. Ama asiye Muislamu, na wengi wa huko ndio hao, zaka haimfikii, lakini sadaka yamfikia, na wema haukufungiwa mtu. Na kuitoa sadaka hiyo ni kusema na watu wa nchi ile kwa lugha wanayoifahamu.

Enyi Waislamu, jawabu la suali ni hili. Kumhifadhi mwanamwali aliyechukua mimba si kuiridhia dhambi; ni kutii amri aliyopewa walii wa mwanamke wa Juhaina. Mwenye kuiridhia dhambi ni yule aliyepokea ng'ombe akanyamaza. Kila mtu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Na siku hiyo hataulizwa watu wa mtaa walisema nini, bali ataulizwa mtoto wake alilala wapi.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na nyumba za jirani zetu, awasitiri binti zetu, awape toba waliokosa na haki waliodhulumiwa. Amin.